Kuunda Kisanduku cha MIDI cha Game Boy kwa Seti ya Kujiundia

Game Boy ya kwanza, mashine ya michezo ya mkononi iliyotolewa Japani mwaka 1989, ina chaneli nne za sauti ndani ya chipu ileile inayoendesha michezo. Mbili hutoa mawimbi mraba, ya tatu hucheza wimbi fupi la sampuli 32 ambalo mtunzi anaweza kulichora mwenyewe, na ya nne hutoa kelele zinazofaa kwa ngoma na matoazi. Hizo zinatosha kabisa kutunga muziki kamili, lakini mashine haina mlango wa kuchomeka kinanda. Kisanduku ninachokieleza hapa, kinachofahamika kwa jina la Arduinoboy na ambacho programu yake imeachwa wazi kwa umma, huziba pengo hilo kwa kupokea ujumbe wa MIDI, yaani lugha ambayo vinanda vya kielektroniki hutumia kuambizana noti, upande mmoja na kuupitisha kwenye tundu la kebo ya Game Boy upande wa pili. Seti za kukiunda hutofautiana kwa mpangilio, kwa hiyo pale maelezo haya yanapokinzana na alama zilizochapishwa kwenye bodi yako, fuata bodi.

Ni vyema kuelewa kwanza kisanduku kinafanya nini, kwa sababu uelewa huo ndio utakaokuongoza utakapotafuta hitilafu. MIDI hutuma biti 31,250 kwa sekunde bila waya wa saa, yaani waya wa mapigo yanayoonyesha lini kila biti isomwe, na kila baiti huanza na biti yake ya thamani ndogo kabisa. Tundu la Game Boy hufanya kinyume: huanza na biti ya thamani kubwa, na haliwezi kusoma chochote mpaka upande mmoja upige mapigo ya saa kwenye waya maalumu, mapigo manane kwa kila baiti. Chipu kuu ya kisanduku, ATmega328P, husikiliza kinanda, hupanga upya biti hizo, kisha huipigia Game Boy saa. Kutokana na hilo, waya tatu tu ndizo zenye maana kwenye kebo, yaani saa, data inayoingia na data inayotoka, pamoja na waya wa nne wa ardhi, ulio njia ya pamoja ya kurudishia mkondo.

Kabla hujawasha chuma cha kulehemu, mwaga vipuri kwenye sahani nyeupe na uvitambue kimoja kimoja. Rezista, vipuri vinavyopunguza mkondo, ndizo zinazowapoteza wengi. Ile ya omu 220 ina pete nyekundu, nyekundu, kahawia. Ya omu 22,000 ina nyekundu, nyekundu, chungwa. Chini ya taa yenye mwanga wa manjano, kahawia na chungwa hufanana mno, na rezista ya 22,000 ikikaa kwenye njia ya MIDI mahali pa 220, mkondo unakuwa hafifu kiasi kwamba hakuna noti itakayopita, ilhali bodi nzima inaonekana safi machoni. Mimi huipima kila rezista kwa multimita, kifaa cha kupimia umeme, na kuibandika kwenye kipande cha karatasi nilichoandika thamani yake. Kazi hiyo huchukua robo saa, na ni robo saa ambayo sijawahi kuijutia.

Katika kulehemu, anza na vipuri vifupi ili bodi ilale vizuri unapoipindua: rezista kwanza, kisha dayodi (kipuri kinachopitisha mkondo upande mmoja tu), soketi za chipu, kapasita ndogo za seramiki, kristali ya megahezi 16 pamoja na kapasita zake mbili za pikofaradi 22, halafu taa za LED, kitufe, kapasita kubwa, kidhibiti volti, na mwisho matundu ya MIDI. Kwa waya wa risasi wa kulehemea wa kawaida, wenye mchanganyiko wa bati na risasi wa 60 kwa 40, ncha ya chuma yenye nyuzi 330 hadi 350 za selsiasi inafaa. Gusisha ncha kwenye mguu wa kipuri na kwenye duara la shaba kwa pamoja, hesabu moja, kisha ingiza waya wa risasi upande wa pili wa mguu, usiuyeyushie kwenye ncha yenyewe. Utaona risasi ikitambaa kuuzunguka mguu na kutulia kama kichuguu kidogo chenye kingo zilizobonyea na uso unaong'aa. Ikibaki duara kama tone la maji juu ya jani, haijashika. Irudie kwa kuipasha tena hadi itambae. Fungua dirisha, kwa kuwa moshi wa ulimbo ulio ndani ya waya huo unaumiza koo, na unawe mikono kabla ya kula kwani risasi ni sumu.

Vipuri vyenye upande maalumu ni vichache, navyo havisamehe. Mstari mweusi wa dayodi ya 1N4148 ukae sawasawa na mstari uliochorwa kwenye bodi. Mguu mrefu wa LED ni chanya, na mfuko wa kapasita kubwa una mstari unaoonyesha upande wa hasi. Chipu zenyewe usizilehemu kamwe moja kwa moja: lehemu soketi, hakikisha kibonyeo cha soketi kinaelekea upande ulioonyeshwa kwenye mchoro, kisha ziache tupu kwa sasa.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoithamini kuliko zote, na wengi huiruka kwa hamu ya kusikia sauti. Unganisha umeme soketi zikiwa bado tupu. Ikiwa seti yako inatumia kidhibiti volti cha 7805, kinahitaji takriban volti 7 au zaidi ili kitoe 5 kamili, kwa hiyo betri ya volti 9 inafaa, lakini betri nne ndogo zinazotoa jumla ya volti 6 hazitoshi. Weka multimita kwenye volti za mkondo mnyoofu (DC), kisha pima kati ya tundu la 7 na la 8 la soketi kubwa, halafu kati ya la 20 na la 22. Pande zote mbili zisome karibu na 5, huku 7 na 20 zikiwa chanya. Tundu la 1, ambalo ni la kuanzisha upya, nalo lisome karibu na 5 kupitia rezista yake ya omu 10,000. Ukikuta sifuri, au kidhibiti volti kinapata moto mkali, zima mara moja na utafute tone la risasi lililounganisha njia mbili. Kosa linalogunduliwa sasa halikugharimu chochote. Likigunduliwa chipu ikiwa ndani, huenda chipu imekwisha kuungua.

Chipu ndogo yenye miguu minane, 6N138, ni optokapla, na inastahili aya yake. Ndani yake kuna taa ndogo na kipokea mwanga vinavyotazamana bila kuguswa na waya wowote wa pamoja. Mkondo wa kinanda, kiasi cha miliampia 5, huwasha taa hiyo, na upande wa pili husoma mwanga tu. Kwa njia hii ardhi ya kinanda haikutani na ardhi ya Game Boy, na ule mvumo wa chini unaotokea vifaa viwili vinapokutana kwenye meza moja ya kuchanganya sauti unaepukika. Mguu wa 4 wa tundu la MIDI hupita kwenye rezista ya 220 hadi mguu wa 2 wa optokapla; mguu wa 5 wa tundu huenda moja kwa moja kwenye mguu wa 3; dayodi hukaa kati ya miguu hiyo miwili ya optokapla, mstari wake ukielekea mguu wa 2. Jihadhari na namba za tundu la MIDI lenyewe, kwani hazifuatani: ukilisoma kutoka ncha moja ya upinde hadi nyingine utapata 1, 4, 2, 5, 3. Mguu wa 2 wa tundu la kuingizia usiuunganishe na ardhi, maana ukifanya hivyo utakuwa umeurudisha mvumo uleule ulioununulia optokapla. Kwa sababu hiyohiyo napendekeza kisanduku kiendeshwe kwa betri yake, kuliko kuchukua umeme kwenye tundu la USB la kompyuta ambayo pia imeunganishwa na spika.

Sasa kebo. Tundu la Game Boy lina nafasi sita: ya 1 ni volti 5, ya 2 ni data inayotoka, ya 3 ni data inayoingia, ya 4 haitumiki, ya 5 ni saa, na ya 6 ni ardhi. Plagi ya Game Boy ya kwanza ni kubwa kuliko ile ya Game Boy Pocket na Game Boy Color, hivyo hakikisha unanunua inayolingana na mashine yako. Kata kebo katikati, menya ganda, nawe utakutana na nyuzi nyembamba za rangi mbalimbali. Rangi hizo usiziamini. Katika kisanduku changu cha kwanza nilifuata jedwali la rangi lililokuja pamoja na seti, nikaunganisha, na Game Boy ikabaki kimya. Jioni mbili nzima nilikuwa nikilehemu upya viungio ambavyo havikuwa na ubaya wowote, mpaka nilipopima kebo na kugundua kuwa waya niliodhani ni wa saa ulikuwa wa data. Watengenezaji wa kebo hupanga rangi wanavyotaka, na hata kebo mbili zinazofanana kwa nje zinaweza kutofautiana kwa ndani.

Njia ya uhakika ni hii. Weka multimita kwenye kipimo cha mlio, ambacho hulia ncha zake mbili zinapounganishwa na waya mmoja. Ncha zake ni nene mno kuingia kwenye plagi, kwa hiyo shika sindano ya kushonea pamoja na ncha moja, ingiza sindano taratibu kwenye nafasi ya 1, kisha gusa nyuzi zilizomenywa moja baada ya nyingine hadi usikie mlio. Andika rangi hiyo, nenda nafasi ya 2, endelea hivyo hadi ya 6. Ndani ya kebo nzima, waya wa 2 wa plagi moja hufika kwenye 3 ya plagi nyingine, lakini hilo halikuhusu tena kwa kuwa umeikata na unapima kutoka kwenye plagi utakayoitumia. Waya usiolia kwenye nafasi yoyote uache. Ikiwa nafasi ya 2, 3, 5 au 6 haina waya wake, kebo hiyo haifai kwa kazi hii. Waya wa volti 5 ufunge kwa mkanda wa umeme na usiuunganishe popote: kisanduku kina umeme wake, na Game Boy ina wake, na hakuna sababu ya kuvisukumanisha.

Baada ya hapo chomeka chipu, kibonyeo cha kila moja kikielekea kibonyeo cha soketi yake. Miguu ya chipu mpya huwa imetanuka kidogo. Ilaze chipu ubavu mezani na uikandamize taratibu hadi miguu isimame wima, la sivyo mmoja utajikunja chini ya chipu na hutauona. Unganisha kebo zote vifaa vikiwa vimezimwa, kisha washa kisanduku. Taa ziwake na kubadilika unapobonyeza kitufe, kila taa ikiashiria hali moja ya kazi. Zikiwaka, kristali na chipu kuu ni wazima.

Kwa jaribio la kwanza tumia programu ya mGB, ukiiweka kwenye katriji (kaseti ya mchezo inayochomekwa kwenye Game Boy) inayoandikika upya. Inafaa kwa jaribio kwa sababu haina wimbo wala mpangilio wowote wa kukuchanganya: unachokibonyeza kwenye kinanda ndicho unachokisikia. Chagua hali ya mGB kwenye kisanduku, weka kinanda kwenye chaneli ya kwanza ya MIDI, na ubonyeze noti moja. Chaneli ya 1 na ya 2 ni mawimbi mraba, ya 3 ni wimbi la sampuli, ya 4 ni kelele, na ya 5 hukuwezesha kupiga sauti kadhaa kwa pamoja. Ukishazoea, unaweza kuhamia programu ya LSDj ya Johan Kotlinski wa Uswidi, ambayo hutunga wimbo ndani ya Game Boy yenyewe na kukitumia kisanduku kuoanisha mwendo na ala nyingine.

Ukimya ukitawala, usishike chuma cha kulehemu kwanza. Pima mguu wa 6 wa optokapla: kinanda kikiwa kimetulia, usome karibu na volti 5, na unapomimina noti nyingi kwa haraka namba iyumbe na kushuka. Isipoyumba, tatizo liko kati ya kinanda na optokapla, na mara nyingi ni kebo ya MIDI iliyochomekwa kwenye tundu la kutolea, au dayodi iliyogeuzwa. Ikiyumba huku Game Boy ikiwa kimya, rudi kwenye kebo na upime saa kabla ya data. Noti zikisikika lakini si zile ulizopiga, chunguza waya wa ardhi, kwa sababu ukilegea Game Boy hukosa kuhesabu pigo moja la saa na baiti zote zinazofuata husogea.

Kilichobaki ni ganda. Kebo ya Game Boy itavutwa kila siku, na nyuzi zake ni nyembamba mno kubeba mvuto huo kwenye viungio vya risasi. Ipitishe kwenye tundu la kisanduku, ifunge fundo ndani, na uache sentimita tatu au nne za waya uliolegea kati ya fundo na bodi kabla ya kukaza skurubu za mwisho.