Kutengeneza Kayamba Nyumbani Siku za Mvua

Mvua za masika zinapowafungia watoto ndani, kayamba ndiyo ala ninayoipendekeza kwanza, kwa kuwa familia nzima inaweza kuitengeneza kwa vitu vilivyomo jikoni. Kayamba halisi ya Pwani huundwa kwa matete yaliyofungwa pamoja yakawa bapa, na ndani yake hutiwa mbegu ngumu.

Nyumbani, boksi bapa la kadibodi linatosha. Tieni konzi moja tu ya mahindi makavu, kwa sababu likijaa sauti hufifia, kisha lifungeni kwa gundi. Watoto wadogo wasiachwe peke yao na punje hizo, maana wanaweza kuzimeza.

Lipambeni kwa mtindo wa Tingatinga, ambao Edward Saidi Tingatinga aliuanzisha Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960: pakeni rangi moja pote, ngojeni ikauke kabisa, ndipo mchore mnyama mmoja mkubwa mwenye madoa.

Kupiga ni kuishika kwa mikono miwili na kuiyumbisha kulia na kushoto, huku vidole gumba vikigonga mapigo, na bibi au babu akianzisha wimbo anaoukumbuka tangu utotoni.