Daftari la mwezi: pesa, presha na usingizi kwenye kurasa mbili

Nimeandika haya baada ya kukaa na dada mmoja mama lishe hapa Dar es Salaam. Chakula chake kinaisha kila siku, lakini mwezi ukifika mwisho hajui hela imekwenda wapi, na kliniki wamemwambia afuatilie presha. Tulitumia kaunta buku na kalamu. Programu za simu ni nyingi ila kwa kazi hii sizipendi: unafungua simu uandike nauli, unajikuta kwenye stetasi za watu. Simu ikiibiwa, na miezi yako imeondoka nayo.

1. Chora

Kurasa mbili zinazotazamana ni mwezi mmoja. Tarehe zishuke chini, safu ziende pembeni: usingizi, presha, kutembea, kazi kuu, matumizi. Zisizidi sita. Kila anayeanza anataka kumi na tano, na kabla ya katikati ya mwezi daftari liko chini ya godoro. Kama mshahara wako unaingia tarehe 25, mwezi wako uanze tarehe 25.

2. Safu ndogo

Usingizi: andika saa ulizolala. Kutembea: alama ya vema au kistari. Kazi kuu: moja tu, iliyoandikwa jana yake usiku. Akina dada, wekeni nukta siku za hedhi. Baada ya miezi mitatu hivi utaona kama uchovu una ratiba yake.

3. Presha

Kipimo cha mkono wa juu, si cha kifundo cha mkono. Kaa dakika 5 bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu haijapishana, mkono umelala mezani usawa wa moyo. Usiwe umetoka kunywa kahawa, na usibane mkojo. Pima mara mbili, ukiacha dakika moja katikati, uandike namba zote. Ukipima nyumbani ikijirudia 135/85 au zaidi, nenda kliniki na daftari lako. Ikiwa nzuri, dawa usiache.

4. Pesa

Hapa ndipo jioni yetu yote ilipoishia. Dada alikuwa anaandika "nimetoa kwa wakala 50,000" kama matumizi, kisha anaandika tena mchele, mkaa na nauli vilivyolipwa kwa hiyohiyo 50,000. Hela moja imetumika mara mbili, na daftari linamwambia ana hasara.

Kanuni: hela inayohama kutoka mfuko wako kwenda mfuko wako mwingine si matumizi. Simu, pochi, benki na kibubu vyote ni mifuko yako. Ukitoa kwa wakala, kinachoandikwa ni makato peke yake.

Sasa vighairi, maana ni vingi:

- Mkopo wa simu si mapato. Ukirejesha, andika riba na ada tu. Kile ulichonunua kwa mkopo ulishakiandika siku uliponunua.
- Kikoba: hisa ni akiba, hela ya mfuko wa jamii (ya kusaidiana kikundini) ni matumizi. Upatu ni akiba, kwa hiyo zamu yako ikifika usishangilie kama mapato. Kibubu, hisa na upatu vipe ukurasa wa nyuma wa mifuko.
- Mama akikutumia ada ya mdogo wako ukamlipie, hiyo inapita tu. Iandike pembeni, isiingie kwenye hesabu.
- Mtaji wa biashara uwe na daftari lake. Jilipe kiasi kila jioni. Hicho ndicho kipato chako. Ukichota ubwabwa wa kwenda nyumbani, nao una bei.
- Umeme wa Luku uandike siku uliponunua, hata kama uniti zitavuka mwezi.

Kila Jumapili hakikisha hivi, na meseji za miamala usizifute kabla. Chukua ulichokuwa nacho kwenye simu, pochi na benki Jumapili iliyopita, jumlisha kilichoingia (hata mkopo au akiba uliyotoa), toa kilichobaki leo pamoja na ulichoweka akiba na mkopo uliorejesha bila riba na ada. Tuseme ulianza na 80,000, zikaingia 210,000, zimebaki 75,000, na hukuweka akiba wala kurejesha mkopo. Umetumia 215,000. Jumlisha safu yako ya matumizi: inasoma 198,000. Zile 17,000 ziandike "hewa". Usizibunie matumizi ili hesabu ikae sawa! Hewa ikirudi kila wiki, anza kutafuta kwenye makato, vocha na soda.

5. Mwisho wa mwezi

Jumlisha matumizi na hewa, pata wastani wa usingizi, kisha tazama presha imepanda siku zipi na usiku wa kabla yake ulilala vipi. Chagua jambo moja la kubadilisha mwezi unaofuata, uliandike juu ya ukurasa mpya.

Kodi ya chumba ukilipa miezi 6 kwa mkupuo, ukurasa wa mwezi huo utaonekana umepata msiba. Igawanye kwa 6, sehemu moja iingie kila mwezi, na zile tano ambazo miezi yake haijafika ziandike ukurasa wa nyuma kama mfuko mwingine. Vinginevyo Jumapili hiyo hewa itakuwa ya kutisha.