Jinsi ya kujaza PEPMIS bila kupoteza sauti yako ya ualimu

Walimu wenzangu, tangu mwaka wa fedha 2023/24 PEPMIS, mfumo wa mtandaoni wa kupima utendaji wa watumishi wa umma Tanzania, imechukua nafasi ya OPRAS, ile fomu ya tathmini iliyokuja 2004 na maboresho ya utumishi wa umma, na bado wengi tunajaza ilimradi, mtu anakopi ya jirani, mkuu wa shule anaidhinisha, imeisha hiyo. Shida ni kwamba anayekupima anasoma kilichoandikwa, na usipoandika wewe kazi yako ikoje ataamua mwingine.

Kabla hujafungua ESS, ule mlango wa mtumishi wa kuingilia PEPMIS, chukua azimio la kazi (mpango wako wa mada za kufundisha) na karatasi, orodhesha vile ambavyo asiye mwalimu havioni: watoto ambao KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) bado inawasumbua, mada utakayolazimika kuirudia, yule anayehitaji kukaa mbele. Hivyo ndo vigeuze kuwa majukumu.

Kwenye malengo kuwa makini sanaaa. Usiandike "ufaulu wa hisabati utafika asilimia 80" wakati darasa lina watoto 90 na vitabu ni vya kugombania, andika kilicho mikononi mwako, mfano "kutoa zoezi kila wiki, kusahihisha, na kuwafundisha upya walioshindwa kabla ya kuhamia mada nyingine". Hilo linapimika, na nani afundishwe upya na kwa njia gani unaamua wewe uliyesomea hiyo kazi.

Halafu ongea na mkuu kabla hajaidhinisha, usimtumie tu kwenye mfumo. Kama yeye ni mtu wa Kiswahili na wewe unafundisha fizikia, omba mkuu wa idara akae nanyi, maana praktiko moja inaweza kula vipindi viwili na kwa asiyejua somo itaonekana umechelewa.

Ukibadilisha mpango andika sababu siku hiyohiyo. "Nimerudia sehemu kwa sababu nusu ya darasa wamekosa zoezi" inatosha kabisa, na tunza andalio la somo na daftari la alama, mthibiti ubora wa shule (yule mkaguzi) akija unavyo.

Hii kazi msifanye kila mtu kivyake. Kaeni idara nzima mkubaliane maneno ya kutumia, mwalimu mmoja akilalamika ataitwa mkorofi lakini idara ikisema lengo fulani halitekelezeki inabidi isikilizwe.

Na alama zikija chini usizokubaliana nazo usinyamaze, muandikie mkuu barua fupi yenye vielelezo, ubaki na nakala.