Kuandaa warsha ya sanaa kwa akili zisizofanana

Warsha nyingi za sanaa huharibika kabla mtu hajashika brashi. Taa zinacheza, viti vinakwaruza sakafu, mwezeshaji anasema "chora chochote unachotaka", na mshiriki mwenye usonji (ubongo unaopokea hisia na mawasiliano kwa namna tofauti), ADHD (ugumu wa kutuliza umakini) au disleksia (ugumu wa kusoma na kuandika) ameshamaliza nusu ya nguvu zake kwa kuvumilia chumba tu. Baadaye anaambiwa hana kipaji. Maelekezo haya ni ya warsha ya dakika 90, watu 6 hadi 8, wawezeshaji 2. Wakizidi 8, wawezeshaji hao hawatamwona anayeanza kuelemewa hadi awe ameshaelemewa.

Usitarajie maajabu. Stephen Wiltshire, mchoraji wa Uingereza mwenye usonji, alichora jiji la Tokyo mwaka 2005 kwa kumbukumbu, kwenye turubai ya mita 10, baada ya kuliona kutoka kwenye helikopta. Wengi wenye usonji hawana uwezo huo. Tena wapo watu, wenye usonji na wasio nao, ambao hawaoni picha yoyote kichwani. Tangu 2015 hali hiyo inaitwa afantasia. Kwao zoezi la "fumba macho uione bahari" ni giza tupu. Weka vitu halisi mezani: kiatu, jani, birika.

Wiki moja kabla

Watumie washiriki ukurasa mmoja wenye picha za mlango wa kuingilia, chumba, choo na nyuso za wawezeshaji. Andika saa ya kuanza, ya mapumziko na ya kumaliza, na useme wazi mambo ambayo mtu anaruhusiwa kuyakataa: kujitambulisha mbele ya wengine, kuonyesha kazi yake, kushika udongo. Tumia herufi zisizo na vikia (vimistari kwenye ncha zake, kama za Arial), ukubwa wa 12 hadi 14, nafasi ya 1.5 kati ya mistari, karatasi ya rangi ya maziwa. Acha herufi za mlazo na mistari chini ya maneno, kwa kuwa humchanganya msomaji mwenye disleksia. Kisha usibadilishe ulichoandika. Badiliko dogo lisilotangazwa, kama kuhamia chumba cha pili, linaweza kumvurugia mtu siku nzima.

Chumba

Anza na taa. Taa za mrija zenye balasti (kifaa kinachodhibiti umeme wa taa) za zamani huwaka na kufifia mara 100 au 120 kwa sekunde, kutegemea umeme wa mahali. Wengi hawalioni hilo, lakini wapo wanaoumwa kichwa. Zizime, tumia mwanga wa dirisha na taa za mezani. Bandika vipande vya felti chini ya miguu ya viti. Usipige muziki wa kusindikiza, hata ule laini. Anayetaka muziki aje na vipokea sauti vyake. Weka jozi 3 za vizuia kelele mahali ambapo mtu atazichukua bila kuomba.

Kona ya utulivu iwe na kiti kinachotazama ukuta na mwanga hafifu. Mtu asitumwe huko hata siku moja. Ukimtuma mmoja tu, kona imegeuka adhabu na hakuna atakayeitumia tena.

Vifaa

Hapa ndipo kazi nzima ilipo. Mtu anayekataa kuchora huenda hakatai sanaa, anakataa penseli. Judith Scott wa Marekani, aliyekuwa na Down syndrome (hali ya kuzaliwa inayoathiri ukuaji na kujifunza) na asiyesikia, alijiunga na Creative Growth, karakana ya sanaa huko Oakland, mwaka 1987. Kwa karibu miaka 2 kuchora hakukumvutia. Alipopewa nyuzi na vitambaa, akaanza kufunga na kuzungushia vitu mpaka vikawa sanamu, na hakuacha hadi alipofariki mwaka 2005.

Kwa hiyo andaa angalau aina 4 za vifaa: kitu kikavu (kreyoni za nta), cha majimaji (rangi za maji), cha kukata na kubandika, na cha kufunga au kusokota. Makaa na chaki huwachukiza baadhi ya watu kwa mguso wake na mlio wake, hivyo yasiwe chaguo pekee. Kwa udongo, weka glavu na vijiti vya kuchongea kwa wasiotaka kuugusa. Epuka rangi za mafuta na tapentaini, kimiminika cha kuzimulia rangi hizo: harufu peke yake hufukuza watu. Kama yupo anayepeleka vitu mdomoni, nunua rangi zilizoandikwa kuwa hazina sumu. Vumbi la udongo lifute kwa kitambaa chenye maji, usifagie, kwa sababu lina silika, madini yanayopatikana pia kwenye mchanga, yanayodhuru mapafu.

Sasa ficha vingi kati ya hivyo. Mezani pabaki rangi 3 na karatasi ya A5 (nusu ya A4) iliyokwisha kupakwa rangi nyepesi. Karatasi kubwa nyeupe huwagandisha watu. Vingine vikae kwenye rafu iliyo wazi.

Ndani ya zile dakika 90

Toa agizo moja kwa sentensi moja, onyesha kwa mikono, nyamaza. "Chana karatasi vipande 5." Subiri. "Vipange bila gundi." Maagizo manne kwa mpigo humpotea mwenye ADHD yakifika la pili, na si kwamba hakusikiliza.

Kuacha kazi ni kugumu kuliko kuianza. Aliyezama asikatizwe ghafla: tumia kipima muda kinachoonekana kwa macho, toa taarifa zikibaki dakika 10, kisha 5. Kazi isiyokwisha ipigwe picha, na mwenyewe aandike au achore hatua inayofuata kwenye kikaratasi. Bila kikaratasi hicho wengi hawairudii kamwe.

Mshiriki akichora kitu kile kile, tuseme lifti, mara ya 40, usimwondoe kwenye lifti. Uliza kama angependa kubadilisha kitu kimoja tu: ukubwa, kifaa, au mahali pa kutazamia. Maoni nayo yawe ya kinachoonekana: "mstari huu umekatika hapa". Ukisema "picha inahitaji kupumua", usishangae ukiulizwa itapumuaje.

Mtu akilipuka au akiganda, punguza maneno. Asiguswe, asiulizwe maswali. Mwezeshaji mmoja awatoe wengine, wa pili akae karibu, kimya. Mara nyingi chanzo kilianza mapema zaidi, basi andika baadaye nini kilitokea kabla ya hapo.

Maonyesho

Tenga saa moja ya mwanzo yenye wageni wachache, bila hotuba na bila kipaza sauti. Maelezo ya kazi yataje vifaa, ukubwa na mwaka, kama ya msanii yeyote. Hali ya mtu kiafya iandikwe kwa idhini yake pekee, na aulizwe upya kila onyesho. Kazi ikiuzwa, sehemu ya msanii ijulikane kwa maandishi kabla picha haijatundikwa ukutani.