Whitby: panda asubuhi, tazama maji kabla ya kutembea

Ukifika Whitby, mji wa wavuvi kwenye pwani ya Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, panda mapema ile ngazi ya mawe yenye vidato 199, kabla watalii hawajajaa, kwa kuwa juu yake yapo magofu ya abasia mahali palipoasisiwa monasteri mwaka 657, na bandari yote ya mto Esk huonekana kutoka hapo. Kisha fuata njia ya juu ya majabali hadi kijiji cha Robin Hood's Bay, takriban kilomita 11 kuelekea kusini, urudi kwa basi. Usishawishike kupita ufukweni bila kusoma jedwali la maji kujaa na kupwa, kwani maji yakijaa hufika hadi chini ya majabali na kuziba njia. Koti la kuzuia upepo ni la lazima, hata Julai.