Kabla ya kununua udongo wa ndoo
Ukiuziwa udongo wa kupandia nyanya au pilipili kwenye ndoo, usiuhukumu kwa weusi wake. Ulowanishe kidogo, fumbata kiganjani, kisha bonyeza kwa kidole: ukimeguka, chukua, ukibaki donge kama tofali bichi, huo ni mfinyanzi, mizizi itakosa hewa. Wenye samadi unuse. Ukinuka mkojo, au ukiwa na joto ndani ya mfuko, haujaiva na utaunguza miche. Wa makumbi ya nazi ni mwepesi na hushika maji vizuri, ila usuuze kwanza kupunguza chumvi, halafu uchanganye na mboji maana wenyewe hauna chakula cha kutosha. Mchanga wa kulegezea uwe wa mtoni. Wa baharini achana nao. Na ndoo itobolewe chini, jamani!