Mashine ya kujazia risasi ikikwaruza, usikimbilie oili

Nina mashine ya mezani ya kujaza upya maganda ya risasi yaliyokwisha kupigwa. Zamani wenzo wake ukiwa mzito nilimimina oili kwenye pistoni, ile nguzo ya chuma inayopandisha ganda, nikaipandisha na kuishusha mara tano, basi. Ililainika siku mbili tatu, kisha ikawa nzito kuliko mwanzo. Siku nilipoifuta ile oili kwa kitambaa cheupe, ilitoka nyeusi tii, na nilipoisugua kwa vidole ilikwaruza kama mchanga. Yalikuwa majivu ya fataki zilizokwisha kulipuka, vile vikofia vya kitako cha ganda vinavyowasha baruti. Ukiyachanganya na oili umejitengenezea msasa wa majimaji, na kila ukivuta wenzo unasaga chuma chako mwenyewe.

Kwa hiyo kwanza ni kusafisha. Fataki nzima na baruti zitoke mezani, ziende chumba kingine ikiwezekana: oili ikipenya kwenye fataki inaweza kuiua, na baruti si ya kukaa jirani na mafuta ya taa. Fungua madirisha, vaa glavu. Majivu yale yana madini ya risasi (lugha yetu imeipa sumu na kinachofyatuliwa jina moja), kwa hiyo usiyapulize, si kwa mdomo wala kwa kompresa. Yafute kwa kitambaa kilicholoweshwa mafuta ya taa.

Toa kalibu (umbo la chuma la juu linalorudisha ganda kwenye kipimo) na kishikio kinachoshika kitako cha ganda juu ya pistoni, mwaga fataki zilizotumika. Pandisha pistoni ufute sehemu ya juu, kisha ishushe ufute ya chini. Kwenye viungo vya wenzo, ambako uchafu hujibana kando ya pini, mswaki wa zamani haushindwi. Mfereji wa kishikio nauchokonoa kwa kijiti cha pamba. Chembe ndogo tu mle na ganda halikai sawa. Acha kila kitu kikauke.

Sasa oili, tena kidogo. Matone mawili ya oili nyepesi ya mashine yanatosha pistoni nzima. Ipake kwa kidole, halafu futa mpaka ibaki inang'aa bila kuchuruzika. Pini zipewe grisi. Mashine yako ikiwa na nipeli, yaani kitundu cha kuingizia grisi, sukuma grisi mpaka mpya ichomoze pembeni, ufute ya zamani. Dawa ya kupuliza ya kulegezea nati iache kwenye nati: haikai muda mrefu, na ukungu wake hufika usikokutaka. Mkono wa mashine unaopachika fataki mimi nauacha mkavu kabisa.

Vuta wenzo mara ishirini hivi, bila ganda. Utaona pete nyeusi imejichora kwenye pistoni, pale inapoingia kwenye fremu. Ni uchafu uliokuwa umejificha ndani. Futa, weka tone jingine, rudia. Mimi huwa nafika raundi ya tatu. Pete ikitoka na rangi ya oili tupu, rudisha kalibu, tupa glavu, kanawe kwa sabuni kabla hujashika hata kikombe cha maji.